Saa Isiyotaka Betri

Jirani, ngoja kidogo kabla hujalipa maziwa yako. Mimi nimetapeliwa na jua.

Shida ilianza simu yangu ilipochomolewa mfukoni kwenye matatu. Simu ndiyo ilikuwa saa yangu. Basi nikawa mtu wa kuuliza. "Bosi, saa ngapi?" Watu wa mtaa wetu wa Makina wana huruma, lakini ukiuliza saa mara nne kwa siku wanaanza kushika mifuko yao.

Nikaenda soko la Toi kununua viatu. Nakuambia viatu. Katikati ya mikanda na miwani nikaona kisanduku cha mbao, ndani kuna kitu cha shaba, duara, kama kopo la rangi ya viatu. Chini kina dira. Juu kuna kipande chembamba kinachosimama kama pezi la samaki. Kimechongwa "London" na mwaka wa zamani sana. Mwenye meza akaniona nimekodoa macho. "Hiyo ni saa ya jua, bosi. Haitaki betri. Haitaki chaji. Haitaki bando." Mimi nikishasikia haitaki bando, akili inazima. Nikatoa soo nane. Nikarudi nyumbani na viatu vyangu vile vile vinavyokunywa maji.

Mama watoto aliigeuza geuza, akauliza swali moja tu. "Na usiku?"

Usiku sikuwa nimeufikiria.

Kesho yake nikaitoa nje. Ploti yetu, unaijua, kichochoro chake hata jua linapita upande upande. Halafu dira ikikaribia mabati inarukwa na akili, kaskazini inakuwa choo. Nikatafuta uwanja. Namba zenyewe za Kirumi. X, X, X, kama daftari langu la hesabu la darasa la sita. Kivuli kikaanguka kwa XII. Nikahesabu vizuri: kumi na mbili. Nikaenda kumwambia mama watoto awashe jiko, magharibi imefika. Jua liko utosini. Alinitazama kama mtu anayehesabu miaka aliyopoteza. Kumbe XII yao ni saa sita yetu.

Pale ploti kuna kijana anasomea upimaji wa ardhi. Yeye ndiye aliyenitia kiburi. Akanionyesha picha kwa simu yake. Eti Mary Rose, meli ya mfalme Henry VIII iliyozama 1545, walipoichimbua chini ya bahari walikuta saa za jua za mfukoni. Eti mafundi wa Nürnberg, karne ya 16 na 17, walizichonga kwa pembe za ndovu. Na ndovu, jirani, hawafugwi Ujerumani. Warumi nao walikuwa na yao. Ilipatikana Herculaneum, mji uliofunikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Ni ya shaba, ya kuning'inizwa, umbo la paja la nguruwe, na mkia ndio unatoa kivuli. Siku hizi watu wanachapisha nakala zake kwa printa za 3D. Hapo kwa paja nilimwomba apunguze sauti, tulikuwa nyuma ya msikiti.

"Na yangu?" nikauliza.

"Yako ni ya India." Akasema ziko nyingi kama hii, na mji wa Roorkee unajulikana kwa mafundi wa vyombo vya shaba. Jina la London huchongwa ili mteja avutike. Alikuwa na adabu, alisema mteja.

Lakini kiburi kilikuwa kimeshaingia. Jumamosi moja ya Februari kukawa na arusi. Kadi ilisema chakula saa sita kamili. Nikakaa uwanjani na kishaba changu nikingoja kivuli. Kikagusa XII. Nikaondoka na shati limepigwa pasi. Wewe mwenyewe unajua arusi za Nairobi. Hakuna inayoanza kwa wakati. Hii moja, hii moja peke yake, ikaanza kwa wakati. Nilikuta sufuria zimeinamishwa zioshwe. Mama mmoja akanihurumia, akanikwangulia ukoko. Nikaula nimesimama, watoto wananihesabia matonge.

Nikamwendea kijana nikiwa moto. Akachora chini kwa kijiti. Pezi la saa yangu limeinuliwa digrii 51, kwa sababu London iko digrii 51 kaskazini mwa ikweta. Sisi tuko digrii moja na kidogo kusini. Pezi la hapa lingepaswa kulala karibu chini kabisa, kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Sawa, hilo linaharibu asubuhi na jioni. Na saa sita je? Hapo ndipo nilipoumia. Saa ya Kenya inafuata mstari wa longitudo wa digrii 45, na huo mstari haugusi Kenya hata kwa bahati mbaya. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu! Nairobi iko kwenye 36.8. Kila digrii ni dakika nne. Kwa hiyo jua linatufikia utosini kama dakika 33 baada ya simu kusema saa sita. Na jua lenyewe halina msimamo. Mwanzo wa Novemba linawahi dakika 16, katikati ya Februari linachelewa 14. Jumlisha 33 na hizo 14. Dakika 47. Pilau inapakuliwa, inaliwa na kusifiwa ndani ya dakika 47.

Nikaketi nje ya msikiti na mzee mmoja wa Kinubi, nikamlilia. Akasimamisha fimbo yake. Akanifundisha kwamba kivuli cha fimbo, ukitoa kile cha adhuhuri, kikilingana na urefu wa fimbo, alasiri imeingia. Haina London, haina XII. Nikaona nimepata mwalimu. Nikamuuliza kama bado anapima hivyo.

"Mwanangu," akasema, akachomoa simu kwenye kanzu. "Mimi nina app."

Kwa hiyo jirani, nauza. Shaba tupu, kisanduku chake kipo. Soo tatu, au hata viatu, namba nane. Ukitaka kuiona nipate uwanjani saa sita. Saa sita ya simu yako.