Mzee GT 710, Uishi Milele

Kisangani imesifiwa kwa almasi zake na kwa mitego ya samaki ya Wagenia. Hakuna aliyeisifu kadi ya michoro kuukuu inayolala katika kompyuta za sekretariati za komuni ya Makiso, hapo wanafunzi wanapochapisha memwari zao za kumaliza masomo. Basi nianze mimi.

GT 710 iliingia madukani mwaka 2016. Nyingi hazina hata feni, kwa hiyo hazina kelele. Inatosheka na wati 19. Mwaka 2021 watengenezaji wake, NVIDIA, waliacha kuitengenezea viendeshi vipya vya michezo. Imestaafishwa, lakini kama mtumishi wa serikali yetu asiyeona pensheni, kila asubuhi inakuja kazini.

Sasa mtazame mjukuu wake RTX 5090, aliyezinduliwa Januari 2025 kwa dola 1,999 kabla hujalipia usafiri, naye anakula wati 575 peke yake. Wenye kiwanda wanashauri kompyuta yake iwe na pawa saplai ya wati 1,000. Hiyo ni jenereta nzima ya duka! Printa, taa na simu za majirani zingoje kijana amalize kuua mazimwi. Tena umeme wa shirika letu la SNEL tunaujua: mtambo wa Tshopo, tuliourithi kwa Wabelgiji, una mashine tatu, na siku zote tatu zikipatana ni siku ya kusimuliwa.

Huyu mzee ni mlezi pia. Mchezo wa Cyberpunk 2077 hauchezeki kwake hata kwa maombi, kwa hiyo memwari huisha. Video ya harusi anaitoa polepole mno, na bibi arusi anapata muda wa kumzoea mumewe kabla hajaona alivyocheza.

Wanauliza: kadi ibadilishwe kila baada ya muda gani? Wenye pesa huko Ulaya hufuata kizazi kipya, takriban kila miaka miwili. Kwetu kalenda hiyo imeshikwa na delestaje, yaani mgao wa umeme. Umeme ukirudi kwa pupa usiku, kadi ikapona, muda haujafika. Ikinuka moshi, umefika. Na usidhani mpya itawahi: ikipanda boti Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700 dhidi ya mkondo, huenda mrithi wake akatangazwa kabla haijapita Mbandaka. Ya lori kutoka Butembo inafika upesi kidogo, mvua ikiruhusu, lakini imekwisha kutikiswa hadi skrubu zinahesabika kwa sauti.

Na bei je? Hapa naweka utani kando kidogo. Dola za kwanza ni za stabilizateri, za pili ni za betri, za tatu ni za brashi ya vumbi na diski ya akiba ya kazi za wateja. Kinachobaki ndicho bajeti ya kadi. Mara nyingi hakibaki kitu, na hapo ndipo utukufu wa mzee wetu unapoonekana, maana yeye alikwisha kulipiwa.

Wapinzani wanasema kwamba mpira ukichezwa kwake, wachezaji hawana nyuso. Ni kweli. Lakini timu ikifungwa mabao sita, hakuna anayeweza kutukanwa kwa jina.