Kesi ya Punda wa Nyumba Saba

Kijiji cha Nyumba Saba kilijengwa kuzunguka uwanja, na kila mwenye nyumba alikuwa na sauti moja ya kuimba. Kiboko, mwenyekiti wa maisha, alimiliki Do. Kanga alikuwa na Re, Njiwa Mi, Mbuzi Fa, Punda So, Bundi La, na Chiriku alikaa mwisho na Ti yake. Ukimpita Chiriku, unajikuta tena kwa Kiboko.

Nyumba hazikuachana sawasawa. Baina ya jirani na jirani palikuwa na hatua mbili, isipokuwa mahali pawili: Njiwa na Mbuzi waliachana hatua moja tu, na Chiriku alikuwa hatua moja kutoka kwa Kiboko, karibu kiasi cha kumsikia mwenyekiti akikoroma. Kijiji kizima kilizungukwa kwa hatua 12, na kila hatua ni ile ambayo wapiga kinanda huiita nusu toni.

Sheria ya ngoma ilikuwa moja. Jirani na jirani wakiimba pamoja husuguana, kwa hiyo anayeongoza humruka jirani yake akamchukua anayefuata, akaruka tena, akachukua tena. Watatu hao ni kikosi. Wapiga gitaa huita kodi. Kiboko alitoka na Njiwa na Punda. Mbuzi alitoka na Bundi na Kiboko. Punda alitoka na Chiriku na Kanga. Vikosi hivyo vitatu vilikuwa na uso mkunjufu, kwa sababu ndani yake hatua nne hutangulia, tatu zikafuata. Hizo ndizo kodi za meja. Kanga, Njiwa au Bundi akiongoza, tatu hutangulia nne, na wimbo huingiwa na simanzi: hizo ni maina. Chiriku peke yake aliambulia tatu na tatu, kikosi chake kikawa kinachechemea, kikitafuta mahali pa kuegemea. Kati ya furaha na simanzi, pale kijijini, palikuwa na tofauti ya hatua moja, nayo aliishika yule wa katikati.

Mzee Kobe, mwalimu wa ngoma, ndiye aliyepanga safari za nyimbo. Wacheza walianzia kwa Kiboko, wakaenda kwa Mbuzi kupunga upepo, kisha wakafika kwa Punda. Kwa Punda hakuna aliyetaka kulala. Chiriku alikuwa akiuchungulia uwanja wa Kiboko hatua moja tu kutoka mlangoni pake, Kanga naye akiuchungulia kwa upande wa pili, na miguu ya watu ikawasha. Basi Punda akawarudisha. Walipokanyaga kwa Kiboko, kijiji kizima kilishusha pumzi: "Tumefika!" Kiboko aliisikia pumzi ile kila usiku akaamini ni ukuu wake.

Kasuku, katibu wa sifa, ndiye aliyeleta maneno.

"Mheshimiwa, nimefanya uchunguzi," alisema kikaoni. "Kikosi chako kina wewe. Cha Mbuzi kina wewe. Hata cha Bundi, pamoja na uchuro wake, kina wewe. Cha Punda je? Punda, Chiriku, Kanga. Wanakutana bila wewe! Na kila wakikutana, wananchi wanaingiwa na wasiwasi."

"Mwenyekiti," Mzee Kobe alinyanyua shingo, "wasiwasi huo ndio unaowaleta kwako."

"Mwalimu, hujaulizwa," alijibu Kasuku.

Kikao kiliazimia kwa kauli moja kwamba Punda apewe saa 24 kuondoka kijijini. Chiriku, aliyetajwa kama mshirika, hakungoja kuambiwa. Alifunga domo siku hiyohiyo akawa anatikisa kichwa tu kila akisalimiwa.

Ikaja Siku ya Mwenyekiti. Kikosi chake kiliitwa uwanjani. Kiboko alinguruma Do, Njiwa akaitikia Mi, kisha pakawa na pengo. Hapo ndipo baadhi ya watu walipokumbuka kwamba mtu wa tatu katika kikosi cha mwenyekiti alikuwa Punda yuleyule.

"Pengo hilo ni mtindo mpya!" alipaza sauti Kasuku, na walio karibu naye wakapiga makofi.

Kwa heshima ya siku hiyo, wimbo haukuruhusiwa kutoka kwa Kiboko. Ukakaa kwake tangu magharibi hadi usiku wa manane, Do na Mi, Do na Mi. Fisi, ambaye hajawahi kukosa shughuli yenye chakula, alilala akiwa amesimama. Hapo ikatolewa ruhusa ya kwenda kwa Mbuzi na kurudi. Kiboko, Mbuzi, Kiboko, Mbuzi. Mwendo huo si mbaya. Kwaya nyingi hufungia amina kwa kutoka Fa kurudi Do. Lakini So ilikuwa uhamishoni na Ti imejifunga domo, na masikio yakaanza kuuliza mwenye nyumba ni nani na mgeni ni nani. Kulipopambazuka, watu walikuwa wanashusha pumzi mlangoni kwa Mbuzi. Bibi mmoja wa ukoo wa Ngiri alimpigia goti kabisa: "Shikamoo, Mwenyekiti."

Mbuzi, ambaye hajawahi kugombea hata ujumbe wa nyumba kumi, alitetemeka hadi ndevu. Kiboko alipandwa na hasira, akaagiza Kobe aletwe mbio. Kobe akafika saa sita mchana.

"Mwenyekiti," alisema, "nyumbani hujulikana kwa kutoka na kurudi. Mbuzi huwatoa watu. Punda huwarudisha. Umemfukuza aliyekuwa akikuletea watu."

"Na kwa nini kikosini mwake sikuwemo?"

"Ungekuwemo, angewarudisha kwa nani?"

Sungura alitumwa kumtafuta Punda, akamkuta kijiji cha ng'ambo akiwa amepewa kiti cha Do. Sauti yake ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kiti. Wenyeji walisogeza nyumba ya Fa hatua moja mbele ili vipimo vikae sawa, na sasa Kanga wa huko ndiye aliyekuwa mtu wa tano, ndiye arudishaye. Ndiyo maana mafundi hawazitaji kodi kwa sauti tu, huzihesabu: moja, nne, tano. Mwimbaji akiona ufunguo uko juu mno kwa koo lake, kijiji kinahama na namba zinabaki.

Punda alikubali kurudi, mzigo mgongoni kama kawaida yake. Usiku huo Kobe alipanga safari tatu. Ya kwanza ilikuwa moja, nne, tano, moja. Ya pili ilianza kwa Kiboko, ikapita kwa Bundi kulia kidogo, ikaenda kwa Mbuzi, kisha kwa Punda: moja, sita, nne, tano. Ya tatu ilitoka kwa Kanga ikaenda kwa Punda, ikaishia kwa Kiboko: mbili, tano, moja. Ile ya kwanza ndiyo iliyokesha. Sebene nyingi za rumba ya Kongo huzunguka hizohizo moja, nne na tano, na mchezaji hachoki, kwa sababu kila mzunguko unamwondoa nyumbani na kumrudisha. Chiriku alifungua domo, na kijiji kikashusha pumzi panapostahili.

Kasuku aliongoza kamati ya mapokezi. Alitunga wimbo wa kusifu busara ya mwenyekiti kumrudisha Punda, na kumbukumbu za kikao kile hazionekani hadi leo.

Mwenye kiti na asikie: cheo chako hukijui kwa wanaokuzunguka, unakijua kwa wanaoweza kukaa bila wewe wakaona bora warudi. Nawe unayeanza kinanda, kaa kwenye vibonyezo vyeupe. Bonyeza C, ruka D uchukue E, ruka F uchukue G: hicho ni kikosi cha Kiboko. F, A na C ni cha Mbuzi. G, B na D ni cha Punda. Zungusha C, F, G, C polepole, kisha siku moja simama kwenye G usiendelee. Sikio likikudai C, umeanza kuelewa muziki. Kabla halijakudai, usihangaike kutafuta kodi ya nne.