Miti Mitatu ya Mama Mkwe Juu ya Ntahangwa

Mama mkwe wangu ana miti mitatu kwenye ukingo wa mto Ntahangwa, na kwa miaka mingi miti hiyo ndiyo iliyoamua kama nyumbani kwetu tutalala kwa amani au kwa ugomvi. Wa kwanza ni mwembe, alioupanda mwaka alioolewa. Wa pili ni mparachichi uliojiotea penye jalala. Wa tatu ni mkaratusi, mrefu kuliko paa zote za kartie, ambao ulikuwa umelalia korongo kiasi kwamba mgeni akikaribishwa barazani alihamisha kiti kwanza. Baada ya miti hiyo lupango, yaani kiwanja chetu, inakwisha. Udongo unakatika wima, na chini kabisa kuna watu wanaochimba mchanga na kokoto tangu alfajiri.

Ukimwambia mtu wa mbali kwamba unakaa kando ya maji mjini Bujumbura, atakupongeza kwa kuwa na ziwa mlangoni. Lakini Ziwa Tanganyika lina pwani tambarare hapa mjini. Kingo za wima tulizo nazo ni za mito: Ntahangwa, Muha, Kanyosha, Nyabagere. Uso wa ziwa uko kwenye mita 770 na kidogo juu ya bahari, wakati milima iliyo nyuma yetu inapita mita 2,000, na umbali kati ya ziwa na milima si mkubwa. Mvua ya milimani ina njia moja tu, nayo inapita katikati ya nyumba zetu. Kiangazi, watoto wanavuka Ntahangwa kwa kurukaruka juu ya mawe. Masika, mawe yaleyale yanaviringishwa na maji usiku, na ukiwa kitandani unayasikia yakigongana. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua ilishuka kwenye vitongoji vya kaskazini, Kamenge na Kinama, na watu zaidi ya 60 wakafa. Tangu usiku ule, katika nyumba za makorongoni hakuna anayesema kwamba hii ni mvua tu.

Basi kila mwezi wa kwanza mjadala ulikuwa ule ule. Mume wangu na mdogo wake walitaka miti yote mitatu ikatwe. Walisema mti ni mzigo, upepo unausukuma, siku moja utaondoka na nusu ya lupango. Mama mkwe, aliyezaliwa Buyenzi na asiyejua kusema kwa sauti ndogo, alijibu kwa neno moja: "Mkikata miti yangu, nitoeni mimi kwanza." Mimi nilikuwa upande wake. Kila mvua ikipita nilikuwa nikienda kutazama ukingo, na penye mizizi ya mwembe udongo ulikuwa bado umeshikana, wakati kwa jirani asiye na mti ulikuwa unamong'onyoka.

Mwaka mmoja shemeji hakusubiri mjadala uishe. Alikuja na vijana, panga, kamba ya kufungia mbuzi na msumeno wa injini wa kukodi. Vijana wale walikuwa hodari wa kupanda, wala sina neno baya juu ya ujasiri wao. Tatizo ni kwamba ujasiri ndicho kifaa pekee walichokuwa nacho. Mmoja alikwea mkaratusi, akakaa kwenye tawi kubwa lililoelekea jikoni, akalikata kutoka juu kwenda chini. Tawi zito likikatwa hivyo huanza kuanguka kabla msumeno haujamaliza kazi. Nyuzi za chini zinakataa kuachia, gome linachanika kuelekea shinani, na tawi linabembea kwa uzito wake wote badala ya kudondoka.

Lilibembea. Likapiga mabati ya jikoni, likaangukia sufuria ya maharage ya mawese, na msichana aliyekuwa akipika alikuwa ametoka muda huohuo kuchuma lengalenga, Mungu apewe sifa. Yule kijana alibaki juu amelikumbatia shina, analia. Sote tulikuwa tunapiga kelele kuhusu jiko, kwa hiyo hakuna aliyesikia kwamba tawi limevunja pia bomba la maji, nyuma, karibu kabisa na ukingo.

Koki ya nje ilikuwa imekwama kwa kutu. Maji yalikimbia usiku kucha, na hayakukimbia barabarani, yalizama ardhini. Mama mkwe alipoamka kuswali alfajiri, alitoka na tochi akakuta ufa umefunguka nyuma ya mkaratusi, upana wa kidole, ukifuata mstari wa ukingo. Alituamsha bila kelele. Ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu sikuwahi kumsikia akisema taratibu.

Fundi wa bomba alikuja asubuhi. Mchana akaja mtu mwingine, aliyeletwa na kaka yake mama mkwe: mzee kutoka Rumonge, aliyekulia kwenye michikichi, na ambaye maisha yake yote amefanya kazi ya kukata na kutunza miti kwenye miteremko ya kusini, pale milima inapoingia ziwani bila kuacha nafasi hata ya shamba. Alisalimia, akaomba maji ya kunywa, kisha akazunguka kila shina akiligonga kwa mpini wa jembe na kusikiliza kama ndani ni tupu. Akakwangua udongo kwenye mashina kutafuta uyoga na kuoza. Hatimaye akatuita wote, shemeji akiwa mbele.

"Mti ulioinama tangu utoto," alisema, "utauona kwa ncha yake. Shina limelala, lakini juu limejikunja kutafuta jua. Huo umezoea, na mizizi yake imejipanga. Huu mkaratusi umelala urefu wake wote, kama fimbo iliyoegemezwa. Na tazameni hapa nyuma, udongo umeinuka. Mizizi inang'oka. Huu utaondoka. Mwembe haugusiki."

"Si uzito uleule, mzee?" mume wangu aliuliza.

"Uzito tutaupunguza. Mizizi hatutaipunguza."

Nimeyafikiria sana maelezo aliyotupa baadaye, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko katika mita moja ya juu, nayo hutambaa mbali kupita kivuli chake. Kwa hiyo mti haushiki korongo lote. Mto ukila ukuta kutoka chini, mwembe hauna la kufanya, na ndiyo maana sehemu kadhaa za Ntahangwa zimejengewa gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojaa mawe. Mti unashika ngozi ya juu, ile inayolainishwa na mvua na kuporomoka kwanza. Ukiukata ukafa, mizizi haiachii siku hiyo. Inaoza polepole, na hatari inakuja miaka kadhaa baadaye, wakati mwenye nyumba ameshasahau kwamba aliwahi kuwa na mti. Waliochunguza misitu iliyokatwa kwenye miteremko ya Alaska na Japani waliona jambo hilohilo: maporomoko huongezeka baada ya mizizi ya zamani kuoza na kabla mipya haijapata nguvu.

Kazi ilianza asubuhi isiyo na mvua, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Kabla ya yeyote kupanda, mzee aliufunga mkaratusi kwa kamba mbili nene kurudi upande wa nyumba, ili hata ukiondoka usiondoke na mtu. Kamba ya mpandaji ilikuwa yake peke yake, na haikuchanganywa na kamba ya mzigo. Kila kipande kilifungwa kabla ya kukatwa. Kamba ya mzigo ilipita kwenye panda ya juu, ikashuka na kuzungushwa kwenye shina la mwembe, juu ya magunia ili gome lisiumie. Kwa mizunguko ile, kijana mmoja mwembamba aliweza kuteremsha kipande cha gogo taratibu mpaka chini, huku mama mkwe akimwelekeza kutoka dirishani.

Matawi aliyakata kwa mikato mitatu. Wa kwanza kutoka chini, mfupi, mbali kidogo na shina. Wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi likaanguka safi bila kuchana gome. Wa tatu aliutumia kwenye mwembe na mparachichi tu, kuondoa kisiki cha tawi kilichobaki. Hapo alikuwa na ukali wa ajabu. Alimkataza kijana kukata sambamba na shina, kwa sababu pale tawi linapoungana na shina kuna uvimbe kama pete, na ndani ya pete hiyo ndimo mti unamofungia kidonda chake. Ukiikata umeufungulia uozo mlango. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza na kuupeleka uozo ndani. Mwembe ulipunguzwa ncha za matawi marefu ya upande wa korongo, kila moja likikatwa penye tawi dogo lililo hai. Jioni ulikuwa mwembe uleule, mwepesi zaidi, na mama mkwe aliuzunguka akiukagua kama nguo iliyotoka kwa fundi.

Mkaratusi uliachwa kisiki cha kufika gotini. Shemeji alitaka king'olewe, na nadhani alitaka angalau ushindi mmoja. Mzee alikataa. Kung'oa kungevunja udongo uleule tunaoulinda, na mkaratusi una tabia ya kuchipua. Machipukizi mawili yataachwa, mengine yatakatwa, na kabla hayajawa mazito yatakatwa tena. Mizizi itaendelea kuwa hai chini ya mti mdogo.

Alikataza pia matawi kutupwa korongoni, kama wafanyavyo wengi. Masika, tawi linalotupwa kwetu linakwama kwenye daraja la wenzetu. Tuliyapandisha yote barabarani kwa mabega. Kazi hiyo ilituchosha kuliko ukataji wenyewe, na ningependa kila nyumba ya makorongoni ilazimike kuifanya.

Ufa tuliuziba kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ili mvua isiingie. Maji ya paa, ambayo tangu nyumba ijengwe yalimwagikia ukingoni, sasa yanapita kwenye bomba hadi mfereji wa barabarani. Mume wangu alilipia bomba hilo bila kuambiwa. Juu ya ukingo tumepanda mabingobingo na vetiva, na chini, pale watu wa mchanga walipokubali kutuachia nafasi, mianzi.

Mzee atarudi mwezi wa sita, ardhi ikikauka, kuangalia machipukizi na kupunguza tena mparachichi. Jirani asiye na mti ameomba apite na kwake. Ujira tumekubaliana naye kugawana, nusu kwa nusu. Kilichobaki ni magogo ya mkaratusi yaliyolala uani: shemeji anasema ni yake kwa sababu ndiye aliyeanzisha kazi, mama mkwe anasema ni ya kulipia mabati ya jikoni, na msichana wa jikoni ameshaanza kuyachanja.