Nani Anakula Umeme wa Mashua?

Ufukweni Kawe hakuna asiyejua umeme. Injini ikigoma, muuza pweza atakwambia ni betri, kijana wa bodaboda atasema ni plagi, na mama anayekaanga samaki Ukwamani atakuuliza kama chombo kilisomewa dua. Huyo wa plagi mwache aende zake. Injini yetu ni ya dizeli, na dizeli haiwaki kwa cheche: hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate moto wa kuwasha mafuta yanayopulizwa na nozeli. Umeme unatakiwa mwanzo tu, wa kupiga stata. Aliyebuni mtambo huo, Mjerumani Rudolf Diesel, alitoweka mwaka 1913 akiwa melini kuelekea Uingereza. Habari hiyo sijamsimulia nahodha wetu, maana injini anaidharau vya kutosha.

Mashua ni yangu na shemeji. Ina tanga, na hilo ni la nahodha. Ina injini, na hiyo ni ya shemeji. Kusi ikivuma tunakwenda Mbudya kwa tanga, nahodha anachekelea. Upepo ukilala, shemeji anapiga stata, na zamu ya kuchekelea inahama. Mimi kazi yangu ni kulipa.

Jumatatu moja asubuhi shemeji alizungusha ufunguo, stata ikagonga tak!, kisha kimya. Betri haina kitu. Tukaipeleka kuchajiwa, ikarudi na nguvu zake, na wiki mbili baadaye ikafa tena. Halafu ikapita mwezi mzima bila kusumbua. Mafundi wanauogopa ugonjwa wa aina hii, unaoingia na kutoka kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Tukaita fundi umeme wa magari kutoka Mwenge. Alikuja na testa, spana na maneno mengi.

"Bosi, hapa altaneta haichaji."

Shemeji akawasha injini, akaweka mita: volti 14. Altaneta inachaji vizuri.

"Basi betri yenyewe imechoka."

Tukaizima injini, tukaipumzisha betri, tukapima tena: volti 12.6. Imejaa. Fundi akaitazama ile mita kwa jicho baya, akasema mita za siku hizi nazo si za kuaminiwa.

Ndipo alipohamia kwenye athi, na kwenye athi alikuwa na hoja. Chumvi ya bahari haina huruma na shaba. Waya ulikuwa umeota kutu ya kijani mpaka ndani ya mpira, na palipo na kutu umeme haupiti inavyopaswa: betri inatoa, stata haipokei. Tukakata, tukasafisha, tukapaka grisi. Fyuzi ya pampu ya ngama nayo ilikuwa imeungua, na kuna mtu aliyeunganisha pengo lake kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Tukaweka mpya. Fundi akalipwa, akala samaki, akaondoka akiapa kwamba betri ile itatuzika sote.

Mwezi haukuisha, ikafa.

Shemeji, ambaye ni mhasibu, akanunua daftari akaanza kuandika tarehe za vifo. Mlinzi wetu, kijana mpole asiyepitwa na "shikamoo", alitupa pole kila mara. "Betri za zamani hazikuwa hivi, mkubwa," akasema kwa huzuni.

Nahodha hana mita. Siku hiyo alikuwa akikumba maji ya ngama kwa mkono, kwa kuwa pampu ilikuwa imeziba, akaibuka na konzi nzima ya maganda ya karanga. Akayageuza kiganjani.

"Samaki wa Mbudya hawali karanga," akasema. "Hebu nisomee hizo tarehe, mwanangu."

Shemeji akasoma, mzee akahesabu siku za mwezi mwandamo kwa vidole. "Mwezi kumi na moja. Mwezi ishirini na sita. Kumi na mbili." Zote ni siku chache kabla ya bamvua, maji yanapokupwa jioni na kufika mwisho kwenye saa mbili usiku. Hapo mashua yetu inakaa mchangani, imeegemea magadi, na mtu anaifikia kwa miguu bila kukunja suruali.

Shemeji akalichukua daftari, akalitazama upya, uso ukambadilika. "Hii ilikuwa Yanga," akasema taratibu. "Hii Simba. Hii Simba tena, ile ya kimataifa."

Tukangoja usiku ambao mechi na maji kupwa vinakutana, tukaenda. Mashua ilikuwa imegeuka kibanda umiza kamili. Dishi limefungwa mlingotini, omoni birika la kahawa, tezini muuza karanga. Inveta imebanwa moja kwa moja kwenye betri ya stata, inalisha TV, king'amuzi na spika, na pembeni rundo la simu zinachaji. Kiingilio shilingi 500, simu shilingi 300.

Nikamuuliza mlinzi kwa nini wanangoja maji yapwe. Akanijibu bila kusita: chombo kikielea, dishi linayumba na picha inakatika; lazima kikae imara kwenye magadi. Kati ya wataalamu wote waliopita pale, ni yeye tu aliyekuwa na maelezo yanayosimama.

Hesabu nayo ilisimama. Mzigo ule ulivuta ampea kama 15. Saa nne ni ampea-saa 60, na betri nzima ni ya 100. Isitoshe, betri ya stata imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, haikuundwa kwa dakika tisini na za nyongeza.

Shemeji alikwenda mbele kumfukuza kijana kazi. Njiani ikapigwa kona, akasimama kuitazama. Akapishwa, akakaa. Wakati wa mapumziko akaomba hesabu, akaletewa karatasi safi iliyojumlishwa. Akaisoma, akairudia. Tangu tuinunue mashua ile, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza iliyoonyesha hela zinaingia.

Sasa tuna betri mbili, kama wafanyavyo wengi wenye mashua za starehe: moja ya stata, haiguswi na mtu, na nyingine ya matumizi, yaani ya mpira, yenye swichi yake na sola yake. Injini inawaka ufunguo ukiguswa tu. Nahodha ameamuru Simba wakae goshini na Yanga demani, maana goli likiingia upande mmoja huruka wote, na magadi yana umri. Kwenye mlingoti amening'iniza karatasi mbili, jedwali la maji na ratiba ya ligi. Mechi ikiangukia maji kujaa, wateja wananuna. Juzi wameandika barua, na sahihi zimejaa mpaka nyuma ya karatasi, kuwaomba wapanga ratiba wawe wanautazama mwezi kwanza. Sahihi ya juu kabisa ni ya shemeji.