Kalamu na Winda

Katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, ambamo mtoto mchanga alikuwa hajatimiza arubaini yake, Kalamu ya wino aliyelazwa juu ya daftari la mwenye nyumba, mtu ambaye barazani aliitwa malenga, alimwona Winda akianikwa dirishani, akaghadhibika.

"Bibi Winda," akasema, "tangu ukoo wenu uingie humu sijagusa karatasi. Bwana wangu amekimbia kilio, naye asema kwamba fasihi haitungwi ila katika faragha. Hata Mwana Kupona alipotunga utendi wake, mwaka 1858, binti yake alikuwa amekwisha kupevuka."

"Nimekusikia, Bwana Kalamu, kwa taadhima. Ila kabla hatujaja sisi, utenzi wa bwana ulikuwa umefika wapi?"

"Kwenye bismillahi."

"Na sasa?"

"Ungali hapo, lakini kwa udhuru."

Winda akapepea kidogo. "Mzazi wa humu, ambaye mwanawe hunyonya mara 8 hadi 12 kati ya usiku na mchana, hana udhuru, ana kipande cha penseli, naye atunga nyuma ya bahasha, tena utenzi, maana si mjinga wa kuchagua bahari. Shairi la mizani 16 katika mshororo, lenye vina vya kati na vya mwisho, lataka mtu aliyekaa kitako akanywa na kahawa. Bali kipande cha utenzi kina mizani 8 tu, naye huihesabu kwa kumpigapiga mtoto mgongoni hata acheue. Akikatizwa, ubeti haumpotei, kwani kina cha kipande cha nne ni kile kile tangu mwanzo hata tamati, nacho humngoja kama amari ya jahazi."

"Na karatasi ikitapikiwa?"

"Habari za matapishi hutufikia sisi kabla ya kufika maktabani. Toni Morrison, bibi wa Marekani aliyelea wana wawili, mwanawe alimcheulia juu ya maandishi. Akaandika kulizunguka doa, kwa kuwa doa lingengoja kufutwa, na sentensi huenda isingerudi. Mwaka 1993 akatunukiwa Nobel. Bwana wako na faragha yake ametunukiwa nini?"

Kalamu (nasi tuketio barazani tulitazamana kwa haya) akajibu kwa unyonge: "Zamu ya kucheza bao."

Mara mzazi akaingia, mtoto begani, penseli imekwisha; akamtwaa Kalamu pasipo kuomba ruhusa ya mtu, akamtikisa, na wino uliokuwa umegandia ncha akaupangusa kwa Winda aliyemchomoa kambani.

"Mimi ni mali ya bwana!" akapiga ukelele Kalamu.

"Andika, bwana," akasema Winda, "mie nimezoea kufuliwa."