Nahodha wa Nchi Kavu

Kila ukoo una mtu mmoja anayeamini kwamba watu hawawezi kufurahi bila kusimamiwa. Kwetu ni Mjomba. Alistaafu kazi ya bandari ya Kilindini, na kwa miaka aliyokaa pale alizitazama meli za watalii zikitia nanga, wageni wakishushwa na kubandikwa namba kifuani, wakaongozwa na mtu mwenye mwavuli mpaka Fort Jesus, kisha wakarejeshwa kabla ya honi kulia. Tuliposema tunataka kuona mashamba ya chai ya Bomet na Kericho likizo ya Agosti, Mjomba alichapisha ratiba, akanunua mwavuli mwekundu na kukata vibandiko vya namba.

Bibi, mamake mzazi, alipewa namba moja kwa heshima. Alikitazama kile kibandiko, akakibandika kwenye kiti cha mbele yake.

"Mimi nina jina, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuja bila jina, nikakupa."

Treni ya usiku kutoka Mombasa ilitushusha Nairobi, tukapanda matatu ya kukodi na kushika njia ya Narok. Mulot ratiba ilituruhusu dakika kumi za kujisaidia, muda ambao haukuwatosha hata watoto kukubaliana nani atangulie. Ukishapita Bomet mjini, chai inaanza. Kwanza ni vishamba vya wakulima vilivyochanganyika na mahindi na ng'ombe. Kufika Sotik, Kapkatet na Litein, jicho linakosa pa kupumzika kwa kijani. Vijana wakatoa simu.

"Picha ni kilimani, saa nane na robo," Mjomba alitangaza. "Hapa ratiba haijasema picha."

Dereva, kijana wa huko huko, alijaribu kumshauri. "Mzee, huku kilima hupandwa asubuhi. Saa nane ni ya mvua."

"Mvua haimo kwenye ratiba," Mjomba akamjibu.

Hakutania, na mawingu hayakutania pia. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upepo wenye unyevu unaotoka Ziwa Victoria hupanda nyanda hizo, ukagongana na hewa ya milimani, na alasiri mbingu zikafunguka. Ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani, zaidi ya siku 50 kwa mwaka. Wako hata wanasayansi waliochunguza wakasema huenda vumbi la majani ya chai yaliyooza, linalotimuliwa na miguu ya wachumaji, husaidia barafu kuganda mawinguni. Maana yake chai inajiitia mawe yenyewe.

Tukapanda kilima na kandambili zetu za Mombasa, Shangazi amejifunga leso tatu na meno yanamgonga. Katikati ya kilima tulimkuta mama mmoja akichuma, kapu mgongoni.

"Chamgei!" akatusalimu.

"Marahaba," Bibi akaitikia, na wote wawili wakaridhika.

Shangazi akaomba ajaribu. Akaingia mstarini akakwanyua mkono mzima, majani mazee, vijiti na vyote, kama anayevuna mchicha. Yule mama alimfungua kiganja taratibu, akachagua majani mawili machanga na kichipukizi chake, mengine akayamwaga chini.

"Haya kituoni yanapokelewa. Hayo mengine karani angekurudishia, tena pamoja na maneno."

Hakumaliza. Jiwe la kwanza lilimpiga Mjomba utosini. Akafungua mwavuli kwa madaha, upepo ukaupindua papo hapo akabaki ameshika vyuma. Tulitimua mbio mpaka kibanda cha kununulia majani chai, tukajibana kati ya mizani na magunia, wakulima wakitusogezea nafasi. Nje mawe yalikuwa yakirindima juu ya mabati hata usisikie wa kando yako. Watoto wetu, ambao barafu wameijua kwenye friji tu, walikinga vikombe wakamiminia sharubati juu yake. Namba saba akashangilia kwamba huku barafu ni ya bure.

Bibi akamfinya sikio. "Mwachezea hasara ya mwenzenu?"

Kwani yule mama alikuwa amesimama mlangoni akilitazama shamba lake likichanwachanwa. Majani yaliyopasuka kiwanda hakiyataki. Angengoja wiki kadhaa machipukizi mengine yaote.

"Waache wacheze, Kogo," alisema, akimwita Bibi kwa lugha yake. "Nikilia mimi, mawe hayatarudi juu." Kisha akauliza, "Mmetoka wapi?"

"Mombasa."

Alicheka mpaka akashika mizani. "Sasa mmefuata nini? Chai yetu yote huteremka kwenu! Mmepishana nayo njiani."

Alisema kweli. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo chai ya Kenya na ya majirani kama Uganda na Rwanda huuzwa huko kila wiki, kisha hupakiwa melini kwenda Pakistan, Misri na kwingineko. Macho yakamgeukia Mjomba. Miaka yote ile magunia yalipita mbele yake.

"Si ungetuonyesha hapo hapo Kilindini," Bibi akamwambia, "tukabaki na nauli yetu mfukoni?"

Yule mama akauliza pakiti ya chai ni bei gani kwetu. Bibi akaitaja. Mama akasonya, Bibi akasonya, na kuanzia hapo wakawa ndugu. Chupa ya chai ya maziwa ikatolewa, vikombe vikazunguka. Mvua ilipokatika, Mjomba alichungulia saa yake: tulipaswa kuwa Kericho mjini, kwenye gurdwara, hekalu kubwa la Masingasinga, ambako kila mgeni hulishwa bure.

"Meli inang'oa nanga!" akapaza sauti.

"Nenda nayo," Bibi akasema bila kuinua macho kikombeni. "Utajua njiani nani aliyelipia mafuta."

Dereva akazima injini.

Gurdwara tuliipita usiku, imefungwa. Bustani ya miti ya Chagaik hatukuifikia kabisa. Mjomba ameshatutumia ratiba ya mwakani, Lamu kwa mashua, kila kitu kimepangiwa dakika zake. Ila kwenye saa ya kuondoka ameandika: "Bibi akimaliza chai."