Bawabu wa Kubadili Kufuli

Tangu Juni 2013 hadi Juni 2016, orodha ya kompyuta zenye kasi kuliko zote duniani iliongozwa na Tianhe-2 ya Guangzhou: viini zaidi ya milioni tatu, vikiendeshwa na Kylin, mfumo wa ukoo wa Linux. Mashine ya aina hiyo hutumiwa na wataalamu wengi kwa pamoja, na mtaalamu, hata awe bingwa wa kukokotoa dhoruba ya keshokutwa, nywila aliyoiweka Jumatatu humtoka kabla ya Alhamisi. Wala tusiwacheke watabiri wa hali ya hewa peke yao. Desemba 2011 zilipovuja nywila za akaunti kama milioni sita za CSDN, kijiwe cha waandika programu wa China, iliyopendwa kuliko zote ilikuwa 123456789. Na hao ndio mafundi wenyewe!

Kwa watu kama hawa, msimamizi wa mitambo hushawishika kuwawekea ukurasa wa wavuti: andika nywila ya zamani, andika mpya, bonyeza, nenda zako. Tatizo ni kwamba katika Unix nywila zilizofumbwa hukaa kwenye faili /etc/shadow, na wa kuiandika ni root, mwenye mamlaka yote. Msimamizi mwenye haraka huuazima ukurasa mamlaka hayo, na hapo amemkabidhi bawabu funguo za nyumba nzima ili abadilishe kufuli moja la chumbani. Agosti 2019 iligunduliwa kwamba kuna mtu alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya Webmin, programu ya kusimamia mashine za Unix, tena kwenye ukurasa wa kubadilishia nywila. Mvamizi aliandika amri yake katika kisanduku cha nywila ya zamani, nayo ikatekelezwa kwa mamlaka ya root. Kisanduku cha kuthibitisha kuwa wewe ni mwenyewe ndicho kilichomkaribisha asiye mwenyewe.

Utasema ile ilikuwa hujuma, si kosa la wazo. Kweli, lakini ukurasa usio na mamlaka ungemwachia mhujumu ua tu, si nyumba. Utasema pia watumiaji wanaiogopa skrini nyeusi ya passwd, amri ya Unix ya kubadilishia nywila. Nakubali, ila aliyesahau nywila hawezi kujaza hicho kisanduku cha zamani, kwa hiyo ukurasa humsaidia zaidi asiye na shida. Tena tangu 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, inashauri watu wasilazimishwe kubadili nywila kila baada ya muda, labda kuwe na dalili kwamba imeibwa. Basi, msimamizi, ukishindwa kabisa kuukwepa ukurasa huo, uendeshe kwa mtumiaji mnyonge; ukurasa uingie kwa jina la mwenye akaunti kwa nywila yake ya zamani, uipelekee passwd nywila zote mbili na kuishia hapo. Aliyesahau aje ofisini na kitambulisho chake.